Uzoefu wangu na ESC ya QuicRun WP 1080 G2 na servo ya kilo 20 kwenye gari la rimoti la kupanda mawe

Nianze na vilivyofungwa, ili msomaji ajue nazungumzia nini. ESC, yaani kile kidhibiti kinachokaa kati ya betri na mota, ni Hobbywing QuicRun WP 1080 G2. Servo ya usukani, yaani kimota chenye gia kinachogeuza matairi ya mbele, ni DS3218 ya kilo 20. Mota ni ya brashi, saizi 540, yenye mizunguko 35 ya waya. Rimoti ni FlySky GT5. Gari ni la kipimo cha 1/10, ekseli ngumu mbele na nyuma, uzito kama kilo tatu likiwa na betri. Linatembea mchanga wa Coco Beach, mawe ya machimbo ya zamani Kunduchi na udongo mwekundu wa Pugu.

Wanaoanza mchezo huu hukimbilia mota. Mimi pesa ya kwanza naipeleka kwenye servo, ya pili kwenye umeme unaoilisha, na mota inasubiri. Gari la kupanda mawe halikwami kwa kukosa kasi. Linakwama pale tairi la mbele limebanwa kati ya mawe mawili na usukani hauna nguvu ya kuligeuza. Servo hafifu zinazokuja na magari mengi huishia hapo: gia za plastiki zinakatika meno, na ukigeuza usukani unasikia mkwaruzo tu.

DS3218 ina gia za chuma, meno 25 kwenye shafti, na mwili wa saizi ya kawaida, kwa hiyo inaingia bila kukata kitu. Ila hizo kilo 20 zielewe vizuri. Ni nguvu inayopimwa sentimita 1 kutoka katikati ya shafti. Ukifunga mkono (kile kipande kinachokaa kwenye shafti na kusukuma usukani) wa sentimita 2, zinabaki 10. Chagua tundu la karibu zaidi na katikati ambalo bado linapeleka matairi mpaka mwisho wa kona, na mkono uwe wa alumini, si ule wenye springi ndani.

Kabla ya kufunga mkono, washa umeme, trimu ya usukani kwenye rimoti iwe sifuri, acha servo ijipange katikati, ndipo uukalishe wima na kutia gundi ya kuzuia skrubu isilegee. Kisha ingia kwenye rimoti upunguze mwisho wa usukani kila upande hadi servo iache kunguruma. Servo inayonguruma huku gari limesimama inakula umeme wa kusukuma kitu kisichosogea, na itaungua hata kama ni ya bei mbaya.

Sasa kosa linaloua servo hizi mjini hapa. DS3218 inataka volti 4.8 hadi 6.8. BEC iliyo ndani ya WP 1080 G2, yaani sehemu inayotoa umeme mdogo wa risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na servo, inachagulika: volti 6 au 7.4. Mtu anaona 7.4, anaona nguvu zaidi, anabonyeza. Iache kwenye 6. Ukitaka 7.4 nunua servo iliyoandikwa HV (ya volti kubwa), na usome volti za risiva yako kabla ya kuwasha.

Dalili ya BEC kuzidiwa ni hii: gari linapanda, unakata kona kali huku umebonyeza kifyatuo, ghafla kila kitu kinazima, taa ya risiva inapepesa, halafu linaamka. Watu hulaumu rimoti, wengine wanabadilisha hadi antena. Chukua mita, weka kwenye volti za DC, gusa pini ya kati na pini ya hasi kwenye chaneli ya risiva isiyotumika, halafu mwambie mwenzako ashike tairi la mbele wakati unageuza usukani hadi mwisho. Ikishuka chini ya 4.5, umeme hautoshi. Dawa ni BEC ya nje: waya wake wa kuingilia unaungwa kwenye waya za betri, wa kutokea kwenye risiva, na hapo lazima uchomoe waya mwekundu kwenye plagi ya ESC inayoingia risiva, maana BEC mbili hazitakiwi kulisha sehemu moja. Pini usiikate, ichomoe kwa sindano na uifunge kwa tepu, siku moja utaihitaji. Kwa servo ya kilo 20 kwenye volti 6, BEC ya ndani ya 1080 inanitosha. Ukipanda hadi kilo 35 au 40, usibahatishe.

ESC yenyewe ni ya ampea 80, inakubali betri ya lithiamu aina ya LiPo ya 2S na 3S (seli mbili au tatu zilizoungwa mfululizo), na inapangwa kwa kadi ya kupangia mambo, jambo ambalo ndilo linaitofautisha zaidi na ndugu yake wa bei ndogo, 1060, yenye jampa mbili tu (vipini vidogo vya kuhamisha) za kuchagua aina ya betri na namna ya kwenda nyuma. Kwenye kadi nagusa vitu vinne. Aina ya betri: LiPo, ili izime mapema kabla seli hazijafa. Mwendo: mbele na nyuma moja kwa moja, bila kusubiri breki. BEC: volti 6. Na breki ya kujishika, ile inayoshika ukiachia kifyatuo: asilimia 100. Hapo ndipo thamani ya ESC hii ilipo. Unasimama katikati ya mteremko wa jiwe, unaachia kidole, na gari linabaki palepale. ESC ya gari la mbio haina shughuli hiyo, kwa hiyo usidanganyike na ampea kubwa zilizoandikwa ubavuni.

Kuwasha: rimoti kwanza, kidole mbali na kifyatuo, halafu ESC, kwa sababu inasoma katikati ya kifyatuo palepale inapoamka. Gari likienda kinyume, badilishana waya mbili za mota. Kwa mota ya brashi hilo linatosha.

Kuhusu mota, mizunguko 35 kwenye 3S naona ndiyo wastani mzuri kwa joto la Dar. Ukitoka 2S kwenda 3S, punguza gia ndogo ya mota kwa meno mawili hivi. Mwezi wa pili jua la mchana peke yake linatosha kuipasha moto. Ukiongeza mchanga laini unaokokota matairi, mota inafika mahali kidole hakikai juu yake sekunde tatu. Hapo simamisha, subiri ipoe, na fikiria gia ndogo zaidi.

Nimeendesha pia Hobbywing Fusion SE, ambayo ni mota isiyo na brashi na ESC yake katika mwili mmoja. Kwa mwendo wa taratibu inaishinda brashi kwa mbali: inaanza kuzunguka polepole kabisa bila kustuka, na betri inadumu zaidi. Ipo ya KV 1200 na 1800, KV ikiwa ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Piga hesabu: 1200 mara volti 11.1 za 3S ni kama mizunguko 13,300 kwa dakika, 1800 ni karibu 20,000. Kwa mawe na 3S chukua 1200. 1800 ninaipendekeza kwa anayebaki kwenye 2S. Kasoro yake ni ileile iliyo sifa yake: kikifa kimoja, umepoteza vyote viwili, na kipuri hakipo mtaa wa pili. Mota ya brashi ya 540 ni bei ya kununua mbili na kuweka moja kabatini. Kwa anayeanza, 1080.

Herufi WP maana yake ESC haiogopi maji. Haimaanishi gari zima. Risiva iweke ndani ya puto, funga mdomo kwa kibana waya pale waya zinapotokea, na paka grisi ya umeme kwenye plagi zote. Maji ya chumvi ni habari nyingine: shaba inaota kijani ndani ya konekta, na brashi za mota zinaisha haraka. Ukitoka ufukweni suuza kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, kausha, tia mafuta kwenye bushi na beringi. Mchanga wa upande wa Kigamboni una chembe nyeusi za madini mazito (ndiyo hizo za mradi wa madini wa Fungoni), na baadhi hunata kwenye sumaku ya mota. Mota yenye matundu wazi usiipeleke huko.

Betri ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, kwa hiyo wauzaji wengi wa nje hawatumi. Ukiunda yako kwa seli za 18650 za Kariakoo, puuza zilizoandikwa mAh 9900. Seli nzuri ya saizi hiyo haizidi mAh 3500 au jirani yake, na ina uzito wa gramu 45 hivi. Mizani ya jikoni inafichua ya uongo. Seli za laptopu hazitoi ampea za kutosha, gari litalegea kila ukibonyeza. Tafuta za mashine za kutobolea: Samsung 25R, kwa mfano, ni mAh 2500 lakini inatoa ampea 20 mfululizo.

Konekta ondoa zile nyeupe za Tamiya, weka XT60. Pasi ya kulehemu iwe ya wati 60, ya wati 30 haipashi waya mnene na lehemu inakaa juu juu tu. Wakati wa kulehemu chomeka jike na dume pamoja, vinginevyo plastiki inalainika na pini zinapinda. Waya wa betri uchomelee mmoja, uufunike, ndipo ufunue wa pili.

Kwenye chaja, LiPo ya mAh 5000 ichaji kwa ampea 5, siku zote kwa kusawazisha seli, na ukiiweka kabatini iwe volti 3.8 kwa kila seli. Nunua chaja yenye kuingiza DC volti 11 hadi 18: umeme ukikatika unaiunga kwenye betri ya gari au ya sola na kazi inaendelea.