Uzoefu wangu: wiki 6 za darasa la utii na mbwa anayeitwa Jojo

Juzi tumemaliza darasa la utii na mbwa wetu, naandika kabla sijasahau, maana mi mwenyewe kabla ya kulipia nilitafuta mtu aliyeelezea kwa Kiswahili nikakosa, wote wanasema tu mbwa wangu sasa ana adabu, asante mwalimu, hakuna anayekwambia mle ndani mnafanya nini hasa.

Jojo ni dume, chotara, alikuwa na miezi 11 tulipoanza. Akiitwa haji. Akiambiwa kaa anakaa sekunde mbili kashaondoka, na kochi la sebuleni alishalifanya lake. Mi nikajiaminisha nina mbwa mkaidi. Darasa ni mara moja kwa wiki, saa moja, mbwa wanane, halafu nyumbani mnafanya mazoezi dakika 5 mara tatu kwa siku, na wanasisitiza sana hiyo 5 isizidi, eti mbwa akichoka hajifunzi tena.

Siku ya kwanza mbwa hawakuja kabisa. Tuliambiwa tuje watu, kila anayeongea na mbwa pale nyumbani, kwa hiyo mi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe ambaye alikuja huku analalamika yeye hana mbwa. Mwalimu akagawa karatasi, kila mtu aandike neno analotumia akitaka mbwa akae, alale, aje, aachie kitu, ashuke kwenye kochi, na hakuna kuangaliziana. Tulivyolinganisha, jamani aibu. Kwenye kukaa mi nimeandika kaa, mke wangu kaa chini, mtoto mkubwa sit, mdogo keti, na mama mkwe kaandika "tulia wewe". Kwenye kochi ndo usiseme kabisa, mi nasema shuka, mke wangu anasema lala chini, na hiyo hiyo lala chini ndo mi naitumia nikitaka alale sakafuni. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani, akasema kaka, huyu mbwa ana mabosi watano na kila bosi ana lugha yake, mnataka afanyeje.

Kwangu mimi hapo tayari nilishapata nilichofuata, hata kama lile darasa lingeishia siku ile.

Wiki nzima tukaitumia kuchagua maneno tu. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Masharti yenyewe mepesi: neno fupi, moja kwa kila tendo, yasifanane kwa sauti, na lisiwe neno mnalolitumia ovyo kwenye maongezi ya kawaida. Sasa jaribu kwa Kiswahili uone. La kwanza lilikuwa jina, Jojo na njoo, sema kwa sauti uko mbali na mbwa, "Jojo njoo", ni kitu kimoja kinavuma tu! Kumbe miezi yote ile hajui kama anaitwa jina au anaitwa aje. Halafu njoo yenyewe tulishaichafua, maana tulikuwa tunamwita njoo akaogeshwe, njoo ugombezwe umetafuna kiatu, mbwa gani atakuja. Mwalimu akasema neno likishaoza usihangaike kulisafisha, chukua jipya na kila akija kwa neno hilo apate kitu kizuri, hata kama ametoka kufanya balaa.

Tukachukua hapa. Nikafurahi, fupi, linasikika mbali. Siku mbili baadaye mtoto mdogo ndo akagundua, baba, sasa tukimwambia hapana si ananza kuja? Na kweli, hapana ndani yake ina hapa nzima, mbwa anasikia mwanzo anageuka anakufuata na kiatu mdomoni, anatingisha mkia. Ikabidi hapana ife, tukaweka acha. Acha nayo ikagombana na achia, tuliyokuwa tunataka ya kuachia kitu mdomoni. Toa tukaona inakaribiana na toka. Mwisho mama mkwe, yule yule aliyesema hana mbwa, akasema si mumwambie tema. Tema! Ndo amri Jojo anayoijua kuliko zote leo.

Kaa ikabaki ya kuketi, ila Kiswahili chetu kaa ni kuketi na ni kubaki pia, nikauliza sasa ya kubaki tuweke ipi. Jibu la mwalimu sikulitegemea, kwamba hakuna haja, kaa maana yake uketi mpaka uambiwe basi, kwa hiyo unachohitaji ni neno la kumfungulia. Sisi tukaweka haya. Kosa kubwa. Mke wangu akiongea na simu kila sekunde haya, haya, haya sawa, na mbwa anainuka kila mara anajua kaachiwa. Tukabadilisha ikawa huru, neno ambalo hakuna anayelisema pale ndani, hapo ndo akaanza kukaa dakika nzima.

Wiki ya tatu ndo iliyoniumiza. Nilienda najigamba, Jojo anajua kaa vizuri. Mwalimu akaniambia geuka umpe mgongo, mikono mfukoni, sema kaa. Nikasema. Mbwa kasimama ananiangalia kama mgeni. Kumbe siku zote nilikuwa nainua kidole huku nasema, yeye anasoma kidole, neno kwake ni kelele tu. Akatuhadithia yule farasi wa Ujerumani, Hans, aliyekuwa anajibu hesabu kwa kugonga kwato, mpaka mwaka 1907 mtaalamu Oskar Pfungst akaonyesha kwamba alikuwa anasoma miili ya watu waliomzunguka. Dawa yake ni kusema neno kwanza ukiwa umetulia kabisa, subiri kama sekunde moja, ndo ishara ya mkono ifuate, baada ya muda mbwa anawahi mwenyewe kabla ya mkono. Na neno liseme mara moja. Mi nilikuwa wa kaa kaa kaa kaaa, kwa hiyo nilishamfundisha kwamba amri ni ile ya nne.

Sasa mabaya. Wiki ya nne mwalimu hakuwepo, tukapewa msaidizi, na huyu bwana anatumia subiri na kiganja mbele ya pua ya mbwa, kitu ambacho sisi tumeambiwa hatuhitaji, na alipokuwa anamfungulia Jojo kasema sawa badala ya huru. Yaani darasa linalofundisha neno moja linaleta watu wawili wenye maneno mawili! Nilimwambia kwa upole, akajibu mbwa atazoea. Hapana hatozoea, ndo kilichotuleta. Pia mbwa wanane ni wengi, nusu ya saa inaisha kwenye kubweka. Na wanapenda kusimulia habari za yule mbwa wa Marekani Chaser aliyejua majina ya midoli 1022, utafiti ulitoka 2011, vizuri kweli, lakini yule alifundishwa kwa saa nyingi kila siku miaka mitatu na profesa mstaafu, sasa mi nirudi kazini jioni nianze midoli 1022?

Nawapa nyota 4 kati ya 5, ile moja amekula msaidizi. Kama mbwa wako anang'ata au ana woga mkubwa hili si darasa lake, wenyewe walisema hivyo toka mwanzo, nikawaheshimu. Kama unaishi peke yako na mbwa sidhani kama utafaidi sana kama sisi wenye nyumba ya watu wengi.

Jojo sasa ndani anakuja kwa hapa bila kukosa, nje akiona paka bado tunabishana. Orodha ya maneno 7 iko kwenye mlango wa friji, mtoto mdogo ndo polisi wake, jana kamkamata bibi yake anamwambia mbwa "tulia wewe". Mama mkwe akasema alikuwa anamwambia mtoto.