Kozi ya The Science of Well-Being ya Yale: video nyepesi, mazoezi ndiyo kozi yenyewe

Mwanafunzi anayetaka kusoma kuhusu ustawi wa akili kwa mpangilio, bila kuhama kitivo wala kulipa ada nyingine, hana milango mingi ya kubisha. Unaotajwa zaidi ni The Science of Well-Being, kozi ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, iliyoko Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, ambayo waliojiandikisha wamepita milioni 4. Sifa zake nyingi ni za haki. Ila isomwe kwa jicho kavu, kwa sababu baadhi ya tafiti inazozitegemea zimeshasahihishwa, na baadhi ya mazoezi yake yalitungwa kwa mtu mwenye chumba cha peke yake na hela ya ziada mfukoni.

Mwalimu ni Laurie Santos, profesa wa saikolojia ambaye kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa utafiti wa akili za kima. Akiwa mlezi wa Silliman College, moja ya makazi ya wanafunzi pale Yale, aliona jinsi vijana walivyokuwa wakielemewa, akaandaa somo. Lilipoanza Januari 2018 walijiandikisha karibu 1,200, yaani kama robo ya wanafunzi wote wa shahada ya kwanza, mpaka vipindi vikafanyiwa Woolsey Hall, ukumbi wa matamasha. Toleo la mtandaoni lilitoka Machi mwaka huohuo. Limerekodiwa nyumbani kwake chuoni, mbele ya wanafunzi wachache walioketi, na hilo limesaidia sana: anaongea kama yuko sebuleni. Kiingereza chake kinakimbia, kwa hiyo weka video kwenye kasi ya 0.75 na uwashe maandishi ya chini.

Wiki ni 10, lakini mafundisho yanaishia wiki ya 6. Wiki 4 za mwisho hazina video mpya. Unachagua zoezi moja kati ya uliyojaribu, unalifanya kila siku, basi. Wengi hukimbilia kumaliza video zote kwa siku mbili tatu wikiendi, kisha hiyo sehemu ya mwisho wanaiona kama nyongeza. Wanakuwa wameacha kozi na kubaki na mihadhara.

Kabla ya chochote utapimwa. Kipimo kimoja kinafuata muundo wa PERMA wa mwanasaikolojia Martin Seligman, wenye nguzo tano: hisia nzuri, kuzama katika shughuli, mahusiano, maana ya maisha na mafanikio. Unajibu kwa alama 0 hadi 10. Andika matokeo kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu utayahitaji mwishoni. Pia kuna dodoso la VIA linalopanga tabia njema 24 kwa mtu mmoja mmoja, kuanzia iliyo imara kwako hadi iliyo nyuma. Usichukue iliyoshika nafasi ya 24 kama kasoro. Dodoso linakulinganisha na wewe mwenyewe, halikulinganishi na jirani.

Sasa mazoezi. Shukrani: kila usiku, dakika 5 hadi 10, unaandika vitu vitano unavyovishukuru. Kuonja jambo: unachagua tukio moja la siku, chai ya asubuhi au kuoga baada ya jua kali, na unalifanya bila simu wala haraka. Wema: tendo moja la ziada kila siku, lisilo katika mazoea yako. Kuna mazungumzo na watu, kufanya mazoezi ya mwili kwa nusu saa, kulala angalau muda wa saa 7, na kutulia kwa kufuata pumzi dakika 10. Lililo zito kuliko yote ni barua ya shukrani: unamwandikia mtu aliyekusaidia na hukuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha unamfuata na kumsomea uso kwa uso.

Shukrani ndilo zoezi linaloharibika haraka zaidi. Siku ya tatu watu huanza kuandika orodha ileile: uhai, afya, wazazi, chakula, usingizi. Akili ikishaizoea orodha haiisikii tena. Dawa yake ni kuandika tukio lenye sura. Badala ya “rafiki”, andika “amenihifadhia kiti na kunichukulia notisi za saa mbili nilipochelewa”. Ukikosa vitano, andika viwili vyenye undani. Na wakati mzuri ni kabla ya kushika simu kwa mara ya mwisho usiku, maana ukiishafungua WhatsApp daftari limekwisha.

Barua ya shukrani ina kasoro ya aina nyingine. Katika familia nyingi za kwetu, kijana kumkalisha mzazi au mwalimu wake wa zamani na kumsomea karatasi kunaweza kumshtua mzee. Atadhani unaumwa, au unaaga. Anza kwa maneno ya kawaida, “shikamoo mama, nimekuja na shukrani yangu”, mwambie ni kazi ya masomo, halafu soma. Kama yuko mbali, piga simu. Ujumbe wa maandishi peke yake hupunguza uzito.

Zoezi la wema ndilo linalotudai kufikiri. Kozi inasimama juu ya utafiti wa 2008 wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton: watu walipewa dola 5 au 20, wengine wakaambiwa wazitumie kwa mahitaji yao wenyewe, wengine wazitumie kwa ajili ya wenzao, na jioni waliozitumia kwa ajili ya wenzao walikuwa na furaha zaidi. Vizuri. Lakini mwanafunzi ambaye bumu, yaani mkopo wa chuo, likiingia tayari kuna mdogo wake anayesubiri ada, mchango wa harusi ya binamu na rambirambi ya darasani, huyo hajapungukiwa na kutoa. Tafiti nyingine kuhusu kusaidia zimeonyesha kwamba nafuu anayoipata mtoaji inategemea sana kama ametoa kwa hiari. Kutoa kwa kusukumwa hakumpi kitu kilekile. Kwa hiyo katika wiki hiyo usiongeze matumizi. Chagua wema usio na bei: kumwelekeza mwenzako swali la takwimu, kumsindikiza zahanati, kumchotea maji. Michango ya lazima usiihesabu.

Usingizi nao. Kozi inazungumza kama vile mlango, taa na kelele viko mikononi mwako. Chumba cha watu sita hakiendi hivyo. Kinachowezekana ni kushika saa moja ya kuamka kila siku, hata Jumamosi, na kukubaliana na wenzako kuhusu taa. Kuamka saa ileile hupanga usingizi wa usiku unaofuata vizuri kuliko kujilazimisha kulala mapema huku macho makavu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana, kwani kafeini hukaa mwilini kwa muda mrefu: baada ya saa tano hivi nusu yake bado ipo.

Zoezi la kuongea na mgeni linatokana na utafiti wa Nicholas Epley na Juliana Schroeder wa 2014 uliofanywa kwa abiria wa Chicago. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kukaa siti moja na mama mwenye ndoo ya dagaa hahitaji kuthibitishiwa kwamba abiria huongea. Pita haraka hapo.

Kuhusu tafiti zilizosahihishwa, mambo matatu yanafaa kujulikana kabla hujayabeba kwenye mtihani au insha. La kwanza ni fedha. Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika mwaka 2010 kwamba hisia za furaha za kila siku Marekani haziongezeki tena kipato kikipita takriban dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth hakukiona kikomo hicho. Kahneman, Killingsworth na Barbara Mellers wakakaa pamoja, na 2023 wakatoa jibu: kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda na kipato, ila kwa takriban asilimia 20 walio na huzuni zaidi, inapanda kisha inasimama. Mwanafunzi wa Makerere au Dodoma asitumie namba hiyo kujiambia kwamba hela haina maana. Hata utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba kwa wenye kipato cha chini hela ina uzito mkubwa.

La pili ni ule utafiti wa 1978 wa Philip Brickman na wenzake kuhusu washindi wa bahati nasibu na waliopooza kwa ajali, ambao husimuliwa kana kwamba makundi yote mawili yalirudi kwenye furaha ileile ya mwanzo. Washindi walikuwa 22, waliopooza 29, wa kulinganishia 22. Waliopooza walijipa alama za chini kuliko wa kulinganishia. Kuzoea kupo, ila si kwa kiwango kinachosimuliwa.

La tatu ni duara maarufu linalogawa vyanzo vya furaha: asilimia 50 za kurithi, 10 za hali ya maisha na 40 za matendo yako, lililotokana na makala ya Sonja Lyubomirsky, Kennon Sheldon na David Schkade ya 2005. Namba hizo, hata zikiwa sahihi, zinaeleza tofauti kati ya mtu na mtu katika kundi. Hazisemi kwamba asilimia 40 ya furaha yako imo mikononi mwako. Nicholas Brown na Julia Rohrer waliichambua hoja hii vizuri, na Sheldon na Lyubomirsky wenyewe baadaye walikubali kwamba duara lile halifai kutumiwa hivyo.

Kozi inafanya kazi? Utafiti wa 2021 uliwalinganisha walioisoma na waliosoma utangulizi wa saikolojia wa Yale hapohapo Coursera. Ustawi ulipanda kwa wote, ukapanda zaidi kwa waliosoma hii. Watu walijichagulia kozi wenyewe, kwa hiyo usiupe uzito kuliko unavyostahili. Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka Uingereza, Chuo Kikuu cha Bristol, ambako mwanasaikolojia Bruce Hood alianzisha kozi ya aina hii mwaka 2018 kwa kufuata mfano wa Santos. Walipowafuatilia wanafunzi mwaka mmoja hadi miwili baadaye, waliobaki na nafuu ni wale walioendelea na mazoezi. Wengine walirudi walipokuwa. Ndiyo maana wiki 4 za mwisho haziwezi kuchukuliwa kama nyongeza.

Ili zoezi lishike, tumia mbinu ya mwanasaikolojia Gabriele Oettingen inayofundishwa wiki ya 6: tamanio, matokeo, kikwazo, mpango. Kikwazo kiwe cha kwako kweli. “Kukosa muda” hakitoshi, “nikirudi kutoka discussion nafungua TikTok kitandani” kinatosha. Kisha mpango wa nikifanya-hiki-nitafanya-kile: nikivua viatu, nitaandika vitu vitano kwenye daftari lililo juu ya mto. Bila daftari kuwa juu ya mto, mpango huo haufiki Jumatano.

Anayetaka kuona mawazo haya yakifanya kazi katika mazingira yetu aangalie Shamiri, mpango wa Kenya kwa wanafunzi wa sekondari. Una vikao vinne vya kila wiki, vinaongozwa na vijana waliofunzwa ambao si wataalamu wa tiba, na ndani yake mna shukrani, maadili binafsi na imani kwamba uwezo hukua. Jaribio lake la wanafunzi 413, lililochapishwa 2021, liliwapanga kwa kura kati ya vikao hivyo na vikao vya mbinu za kusoma, na dalili za sonona na wasiwasi zikapungua zaidi kwa kundi la Shamiri. Kwa usanifu wa utafiti, huu una nguvu kuliko ule wa 2021 wa kozi ya Yale.

Kikubwa ambacho kozi haikifanyi ni tiba. Mtu ambaye kwa wiki mbili mfululizo hana hamu ya chochote, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, hashiki somo, asipewe daftari la shukrani. Litamwongezea hatia. Dodoso la PHQ-9 la kupima dalili za sonona, ambalo toleo lake la Kiswahili lipo, lina maswali 9 yenye alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 kwenda juu ni alama ya kumwona mtaalamu, na jibu lolote zaidi ya sifuri kwenye swali la 9, linalohusu kujidhuru, ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo: mshauri nasaha wa chuo, ofisi ya mlezi wa wanafunzi, au idara ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu. Usimwache peke yake njiani.

Yaliyobaki ni ya mfuko. Kwa miaka mingi kozi ilikuwa ya bure kwa anayesoma tu, na cheti kikiuzwa dola 49. Bei hubadilika, soma ukurasa wa kujisajili hadi chini kabla ya kuweka namba ya kadi. Msaada wa ada wa Coursera huombwa kwa kujieleza kwa maandishi, na jibu huchukua wiki mbili hivi, kwa hiyo omba kwanza, anza baadaye. Cheti hakiingii kwenye GPA yako. Video pakua kwenye programu ya simu ukiwa na wifi ya maktaba, ubora wa chini unatosha kwani ni mtu anaongea na chati chache, na bando lako libaki salama. Ukiteleza tarehe, mfumo hukuruhusu kuzipanga upya bila adhabu. Panga tu wiki ya 10 isiangukie UE, mitihani ya mwisho ya chuo. Kipimo cha mwisho kikijazwa usiku wa kuamkia mtihani, au ukiwa unasubiri matokeo ya sapu (mtihani wa marudio), kitapima mtihani, na ile namba uliyoiandika kwenye daftari wiki ya kwanza haitakuwa na cha kulinganishwa nacho.