Santuri za Lakiri: Zipi Ununue Kwanza, Zipi Uziache

Muuza vitu vya kale wa Mji Mkongwe atakuambia santuri yake ina thamani kwa sababu ni ya zamani. Usimsikilize. Santuri za lakiri, yaani zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilichapwa kwa mamilioni, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1950, na nyingi leo hazina mnunuzi. Kinachoitia bei santuri ni nani kaimba, kwa lugha gani, kwa lebo ipi (jina la kampuni iliyoitoa), na imetunzwaje. Orodha hii nimempangia mtu anayeanza, mwenye fedha za kadiri, anayetaka kusikiliza leo na pengine kuuza kesho.

1. Kiswahili cha miaka ya 1950

Anza na lebo za Jambo ya Nairobi, Mzuri ya Mombasa, na zile HMV (lebo ya mbwa anayesikiliza gramafoni) zenye waimbaji wetu kama Fundi Konde. Bado unaweza kuzikuta kwenye makabati ya wazee. Sauti yake ni safi, kwa kuwa zilirekodiwa kwa maikrofoni na mitambo ya umeme, na wanaozitafuta wapo hapa na ng'ambo. Nyingine hazikuwahi kutolewa tena kwa namna yoyote, kwa hiyo hata kabla ya kuuza, zinakili kwenye kompyuta.

2. Siti binti Saad na wenzake

Najua kuna watakaoniuliza kwa nini Siti si wa kwanza. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi HMV, na muda si mrefu Odeon na Columbia nao wakawa wanarekodi waimbaji wa pwani. Hadhi yake haina ubishi. Tatizo ni kwamba zilizobaki ni chache, na chache hizo zilipigwa kila jioni kwa sindano za chuma mpaka mifereji ikalika. Anayeanza hulipia jina, kisha akifika nyumbani anasikia mchakaro mtupu. Ukiikuta nzima, usiondoke bila hiyo.

3. Kongo

Lebo ya Ngoma ilianzishwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1948. Opika na Loningisa ni za enzi hiyo hiyo. Hapa utakutana na wanamuziki kama Wendo, na Franco wa miaka yake ya mwanzo. Bei zake ng'ambo ni nzuri kuliko za taarabu, ila wauzaji nao wanajua, na kupunguziwa ni kazi.

4. HMV za herufi GV

Hizi, zenye GV kwenye namba yake, ni muziki wa Kuba, zilianza kuuzwa Afrika mwaka 1933. Ukitaka kujua zilivyotuingia, jina la bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro linatosha kukueleza. Zilitoka nyingi, kwa hiyo faida ya kuuza ni ndogo, lakini kwa kusikiliza tu ningeziweka juu kabisa.

5. Misri na India

Umm Kulthum na Abdel Wahab wana wapenzi wao miongoni mwa watu wa taarabu. Angalia Odeon na Baidaphon. Nyimbo za filamu za Kihindi zimejaa na bei yake ni ya chini. Ila pekua rundo lote: India iliendelea kuchapa santuri za 78 hata miaka ya 1960, zikiwemo za Beatles kwa lebo ya Parlophone, na hizo ni mali.

Mwisho kabisa ni opera na dansi za Kizungu. Caruso, mwimbaji wa opera, ni maarufu, na ndiyo maana amejaa kila mahali. Nunua moja ya kujaribia sindano.

Kabla ya kutoa pesa

Ishike santuri kwa ukingo na kuilaza upande kwenye mwanga wa jua. Weusi unaong'aa ni dalili njema. Mifereji iliyogeuka kijivu imelika, na hakuna sabuni itakayoirudisha. Igonge taratibu kwa kucha: nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ufa mwembamba usioonekana utausikia "tak" kila mzunguko. Kipande kilichomeguka ukingoni si hoja kama hakijafika kwenye muziki. Ukungu wa pwani mara nyingi hutoka kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha karatasi ya lebo iliyo katikati. Spiriti usiiguse: inayeyusha lakiri.

Sindano ya santuri za plastiki ni nyembamba mno kwa mifereji hii. Dai sindano ya 78, yenye ncha ya mikroni 75 hivi. Ukipigia gramafoni ya kukaza kwa mkono, badilisha sindano ya chuma kila upande. Na hizo gramafoni mpya zenye tarumbeta ya shaba inayong'aa, zinazouzwa kwa watalii, ni pambo la sebuleni, zinakwangua.

Ukiuza, piga picha pande zote mbili, na namba iliyochorwa karibu na lebo isomeke. Taja kasoro zote. Kusafirisha, iweke katikati ya makadibodi mawili magumu, boksi ndani ya boksi, na usizirundike zikiwa zimelala: uzito wa zile za juu huvunja za chini.