Shule tatu za msingi za umma, wilaya moja ya shule nje kidogo ya Houston: uzoefu wangu

Nimelinganisha shule tatu za umma za wilaya moja ya shule, ile wanayoiita ISD, upande wa magharibi wa Houston, Texas. Zote zina chekechea hadi darasa la tano, na moja ina darasa la awali pia. Majina nayaacha. Nitaziita shule ya mtaa mpya, shule ya kati, na shule ya maapatimenti, kwa kuwa ndivyo zilivyo. Kipimo changu ni kimoja: mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, aliyekuja bila Kiingereza au na cha kuokoteza, anafundishwaje?

Kabla ya chochote, thibitisha anwani. Anwani ya posta huku inadanganya. Nyumba inaweza kuandikwa Houston, mtoto akawa wa wilaya ya shule ya Katy, Alief au Cy-Fair. Nyingine imeandikwa Katy kumbe ni ya Cy-Fair. Dalali atakuonyesha shule nzuri hapo mbele, unasaini pango la mwaka mzima, halafu mpaka unakutwa umepita katikati ya barabara. Ingiza namba ya nyumba kwenye kitafutio cha shule katika tovuti ya wilaya kabla ya kusaini. Kisha mpigie karani wa usajili umuulize kile ambacho tovuti haikuambii: darasa la mwanangu lina nafasi? Sheria ya Texas inaweka kikomo cha watoto 22 kwa darasa, kuanzia awali (pre-K, mwaka unaotangulia chekechea) mpaka darasa la nne, ingawa wilaya inaweza kuomba ruhusa ya kuzidisha. Likijaa, anayekuja mwisho hupelekwa shule nyingine yenye nafasi, hata kama dirisha lenu linatazama geti la hii. Shule ya mtaa mpya ina tatizo hilo. Nyumba zinajengwa kila siku, na nyuma ya jengo kuna safu ya mabanda ya kuhamishika yaliyogeuzwa madarasa. Ukitaka nafasi pale, jisajili usajili unapofunguliwa majira ya kuchipua, usingoje Agosti.

Sasa tuje kwenye herufi. Jimbo huipa kila shule A hadi F, na wazazi wengi huishia hapo. Fungua txschools.gov utazame ndani yake. Alama ya jumla inatokana na vipimo vitatu: ufaulu wa STAAR (mtihani wa jimbo), maendeleo ya wanafunzi, na namna makundi mbalimbali ya watoto yanavyofanya. Katika viwili vya kwanza huchukuliwa kile chenye alama ya juu, nacho hubeba asilimia 70. Cha tatu hubeba 30. Ujanja uko hapo. Shule ambayo watoto wake wanakuja tayari wanajua kusoma hupata A kupitia ufaulu, na udhaifu wake katika kuwasogeza mbele hauonekani kwenye herufi ya mlangoni. Shule ya mtaa mpya ndiyo hiyo: A ya jumla, C kwenye maendeleo. Shule ya maapatimenti ni kinyume chake: ufaulu wa wastani, maendeleo ya juu, na jumla yake ni B. Kwa mtoto anayeanzia chini, mimi nasoma mstari wa maendeleo kwanza.

Jambo jingine ambalo takwimu hazisemi wazi: STAAR ya darasa la tatu hadi la tano inapatikana kwa Kiingereza na kwa Kihispania tu. Kwa hiyo shule inapojisifu kwamba wanaojifunza Kiingereza wanafaulu, uliza wangapi walifanya kwa Kihispania. Wa kwetu atafanya kwa Kiingereza, apende asipende.

Hilo linatuleta kwenye ESL, yaani mafunzo ya Kiingereza kama lugha ya pili, na hapa ndipo shule hizi tatu zinapoachana kabisa. Wilaya inalazimika kuanzisha mafunzo ya lugha mbili pale inapokuwa na watoto 20 au zaidi wa lugha moja katika ngazi moja ya darasa. Kihispania kinafikisha hapo kirahisi. Kiswahili kwa kawaida hakifikishi, hivyo mtoto huingia ESL. Nayo hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza, mwalimu wa darasa mwenyewe ana cheti cha ESL na anafundisha masomo yote akizingatia lugha. Ya pili, mtoto hutolewa darasani kwenda kwa mwalimu mwingine kwa kipindi fulani. Shule ya maapatimenti inatumia ya kwanza. Shule ya mtaa mpya inatumia ya pili, tena mtoto anatolewa wakati wa sayansi. Akirudi, wenzake wako katikati ya jaribio naye hajui maji yale yanachemshwa kwa nini. Shule ya kati inachanganya, kutegemea umempata mwalimu gani. Yaani bahati nasibu. Usiulize kama wana ESL, kwa sababu jibu ni ndiyo kila mahali. Uliza: mwalimu wa darasa ana cheti? Kama mtoto anatolewa, ni dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na anakosa somo gani?

Fomu ya lugha ya nyumbani ndiyo mlango wa yote haya, na ndiyo wazazi wetu wanayoiharibu. Wanaandika Kiingereza wakiogopa mtoto atashushwa darasa. Hashushwi. Ukiandika Kiingereza tupu, hapimwi na hapati msaada. Andika lugha mnayoongea kweli, iwe Kiswahili, Kibembe au Kinyarwanda. Shule ina wiki nne tangu usajili kumpima na kumpangia. Unaweza kuikataa programu, lakini TELPAS, mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka wa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, ataendelea kuufanya mpaka avuke kiwango.

Kwa ukalimani, shule ya maapatimenti inapiga simu ya wakalimani na kumpata wa Kiswahili. Shule ya mtaa mpya ilitoa programu ya kutafsiri kwenye simu ya mkononi, nayo ikaigeuza "mwanafunzi anachelewa kusoma" kuwa mtoto asiyefika shuleni kwa wakati. Mkalimani ni haki ya mzazi katika shule yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Muombe mapema, na usimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachomhusu yeye.

Usajili wenyewe hautofautiani: kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa au pasi ya mtoto, mkataba wa pango pamoja na bili ya umeme au maji, na kadi ya chanjo. Hali ya uhamiaji si sharti la kumpokea mtoto. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha amua mwaka 1982 katika kesi iliyotoka Tyler, hapa hapa Texas. Kinachokwamisha wengi ni chanjo. Kadi ya kliniki ya Tanzania ina surua na rubela, lakini Texas inataka na matumbwitumbwi ndani yake, dozi mbili. Tetekuwanga dozi mbili. Homa ya ini A dozi mbili. Pepopunda na kifaduro zile dozi tatu za utotoni hazitoshi kwa chekechea. Nenda idara ya afya ya kaunti Juni, maana Agosti foleni inazunguka jengo. Na kama mmehifadhiwa kwa ndugu kwa kukosa makazi, mwambie karani hivyo waziwazi: sheria inataka mtoto apokelewe mara moja, karatasi zifuate baadaye.

Mtoto wa miaka minne asiyejua Kiingereza ana sifa ya kuingia awali ya kutwa bila ada, mradi amefikisha miaka hiyo ifikapo Septemba 1. Kati ya hizi tatu, ni shule ya maapatimenti pekee yenye darasa hilo.

Ubaya wake? Jengo ni la zamani, na walimu wapya ni wengi kila mwaka. Una haki ya kuuliza sifa zao, itumie. Mchana foleni ya magari ya kuchukua watoto ni mbovu kuliko zote, kwa sababu wengi wanaishi ndani ya maili 2, umbali ambao kwa kawaida basi haliwahusu. Shule ya mtaa mpya ina foleni safi na maktaba ya kupendeza, na mtoto anayesoma vizuri tayari atafurahi pale.

Kwangu, ya maapatimenti ni nyota nne, ya kati tatu, ya mtaa mpya tatu, au mbili kama mtoto ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege. Ukitaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine, omba uhamisho wa ndani ya wilaya kabla dirisha lake halijafungwa, na panga usafiri wako mwenyewe, maana kwa kawaida basi haliji pamoja na kibali.