Mita ya DT830 kwenye pikipiki kuukuu: uzoefu wangu wa kusaka umeme unaokatika na kurudi

Mita hii ndogo ya dijitali inauzwa karibu kila kibanda cha vifaa vya umeme hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Kibuye, na bei yake haifiki shilingi elfu moja. DT830 si kampuni bali ni muundo unaotengenezwa na viwanda vingi, ndiyo maana mbili zilizo kwenye rafu moja zaweza kutofautiana ubora. Mimi naitumia zaidi kwa kazi moja: pikipiki za zamani za cc 100 hadi 150 zinazozima zenyewe barabarani, kisha zinawaka kabla fundi hajafika. Kwa kazi hiyo naipa nyota tatu kwa tano. Mita yenyewe inafaa, nyaya zilizokuja nayo hazifai, na ukiitegemea peke yake itakufanya ununue CDI (kisanduku cha umeme kinachotoa cheche kwa wakati wake) usiyoihitaji.

Sababu ni hii. Ukipima volti, mita hii huvuta mkondo mdogo mno. Ukinzani wake wa ndani ni megaomu 1 hivi, kwa hiyo kwenye betri ya volti 12 inavuta mikroampea 12 tu. Waya ambao nyuzi zake zote zimekatika isipokuwa mmoja bado utapitisha mikroampea 12 bila taabu, na kioo kitakuonyesha 12.5 safi. Fundi anaona 12.5, anautangaza waya mzima, anahamia CDI. CDI mpya inafungwa, pikipiki inafika Kisian, inazima tena. Mlio wa kupimia mwendelezo una kasoro hiyo hiyo: unalia hata kwa uzi mmoja, tena unachelewa, kwa hiyo mkatiko wa kufumba na kufumbua hutausikia.

Dawa yake ni mzigo. Nunua balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, uilehemu kwenye nyaya mbili zenye vibanio vya meno. Balbu hiyo inavuta ampea 1.75 hivi. Waya unaogusana vibaya au wenye kutu hauwezi kubeba mkondo huo bila kupoteza volti, kwa hiyo balbu inaweza kufifia au kukosa kuwaka kabisa, hata kama mita ilisema 12.5. Balbu na mita kwa pamoja ndicho kifaa kamili. Onyo moja tu: balbu hii ni ya njia za betri, yaani fiuzi, swichi ya ufunguo, honi na taa. Usiibane kwenye waya wa pikapu (koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kutoa cheche) wala waya wa kuzimia injini.

Kabla ya kugusa chochote, uliza ni vitu gani vinakufa pamoja. Swali hili linaokoa muda kuliko mita yoyote. Injini ikizima na taa ya nyutro, honi na indiketa zikafa kwa mpigo mmoja, tatizo liko kwenye njia kuu: vichwa vya betri, fiuzi, swichi ya ufunguo au eathi (njia ya hasi inayopita kwenye chuma cha pikipiki). Injini ikizima huku taa na honi ziko hai, achana na betri. Tafuta kwenye swichi ya kuzimia injini, pikapu, CDI, koili na kofia ya plagi. Pikipiki nyingi za zamani zina CDI inayolishwa moja kwa moja na magneto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), kwa hiyo injini inaendelea kuunguruma hata betri ikiwa imekufa. Kwenye hizo, waya wa kuzimia injini hufanya kazi kwa kugusa eathi. Ganda lake likichubuka chini ya tangi, kila tuta linakuwa swichi ya kuzimia. Chomoa waya huo kwenye soketi yake, uendeshe pikipiki mahali salama pasipo na magari, na kama haizimi tena umempata mwizi. Kumbuka tu kwamba waya huo ukiwa nje, ufunguo hautazima injini. Utaizima kwa kuweka gia na breki.

Kwa njia kuu, kipimo ninachokiamini ni upotevu wa volti. Hapa ndipo DT830 inapolipa bei yake, kwa sababu ina kipimo cha milivolti 2000. Washa ufunguo, washa taa za betri, kanyaga breki ili kuwe na mzigo. Ncha nyekundu weka kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye upande wa pili wa fiuzi. Kisha sogeza nyeusi: kabla ya swichi ya ufunguo, baada ya swichi, hadi kwenye taa ya breki. Anza na kipimo cha volti 20, ukiona chini ya 2 ndipo ushuke kwenye milivolti. Kila kipande cha njia kikipoteza chini ya milivolti 200, kiache. Kikizidi 500, hapo pana uchafu, joto au waya uliochoka. Mita ikionyesha tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto, imezidiwa: upotevu umepita volti 2, na huenda njia imekatika kabisa.

Eathi inapimwa vivyo hivyo: nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, kisha kwenye chesisi. Zaidi ya milivolti 100, fungua bolti ya eathi, piga msasa hadi chuma king'ae, funga tena, upake vaselini juu. Pikipiki zilizopakwa rangi upya zina ugonjwa huu sana, kwa sababu rangi inaingia chini ya bolti.

Namba ikiwa imetulia, anza kusumbua waya. Mita hubadilisha tarakimu mara mbili au tatu kwa sekunde, kwa hiyo ukitikisa haraka haraka hutaona kitu. Pinda polepole, shikilia, tazama. Zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, ngoja, kisha mwisho wa kulia. Tikisa ufunguo ndani ya swichi. Ile mikufu ya funguo yenye kifungua chupa na beji tatu ndiyo inayokula sahani za shaba za swichi. Namba ikiruka kutoka 90 hadi 600 ufunguo unapoguswa, umemaliza.

Sehemu inayostahili dakika zako nyingi ni shingo ya usukani. Nyaya zote za mbele hupita hapo, na kila kona huzipinda pale pale, mwaka baada ya mwaka. Shaba hukatika ndani huku ganda likiwa zima, kwa hiyo macho hayaoni kitu. Ondoa tepu, shika waya mmoja mmoja kati ya vidole kwa umbali wa sentimita tano, uvute taratibu. Waya mzima unakataa. Uliokatika unanyooka kama mpira wa suruali, na ganda linakuwa jembamba katikati. Ukiupata, usiulehemu palepale: risasi inapanda kwenye nyuzi, inaufanya mgumu, nao unakatika tena milimita chache pembeni. Weka kipande kipya cha sentimita 30 au zaidi, cha unene ule ule au unaozidi kidogo, maungio yote mawili yakae mbali na sehemu inayopinda, kila moja na mpira wake wa kusinyaa kwa joto. Ukikata na kukuta shaba nyeusi badala ya nyekundu, rudi nyuma hadi upate inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi.

Ukanda huu una unyevu na mvua za alasiri, na pikipiki nyingi huoshwa kwa mashine ya presha karibu na ziwa. Maji yanaingizwa kwenye soketi chini ya tangi na ndani ya swichi za usukani. Siku ya kwanza hakuna kitu, halafu kutu ya kijani inaanza. Soketi ya magneto itazame kwa makini zaidi: plastiki iliyogeuka kahawia au kulainika upande mmoja ina maana pini hiyo ilikuwa inachemka. Kusafisha hakutoshi, kwa sababu springi ya pini imeshapoteza nguvu. Badilisha pini zote mbili, dume na jike.

Fiuzi za kioo nazo ni wasaliti. Uzi wa ndani waweza kuwa umekatika chini ya kofia ya chuma, mahali jicho halifiki, ukagusana na kuachana kwa mtetemo. Ichomoe, ibane kwenye mita, uigonge kidogo kwa kucha. Na ukikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imezungushwa hapo, iondoe kabla ya kipimo kingine chochote. Shoti ikija, waya ndio utakaogeuka fiuzi.

Pikipiki inayozima ikishachemka, kisha inawaka baada ya kupoa, mara nyingi ina pikapu au koili inayofunguka kwa joto. Pima pikapu ikiwa baridi, andika namba, kisha pima mara tu inapozima, kabla haijapoa. Pikapu za pikipiki ndogo nyingi huwa kati ya omu 100 na 300. Cha muhimu ni mabadiliko. Ikipanda kidogo kwa joto, ni kawaida ya shaba. Ikiruka hadi tarakimu 1, imekufa. Kofia ya plagi yenye ukinzani isome kwenye kipimo cha 20k. Nyingi ni kiloomu 5. Kwenye koili ya magneto ya kuchaji, yenye omu moja au chini yake, DT830 haifai, kwa sababu nyaya zake zenyewe zinaweza kula nusu omu. Gusanisha ncha, soma, kisha toa namba hiyo kwenye kipimo chako. Waya wa plagi usiukaribie kabisa kwa mita injini ikiwaka.

Hitilafu ikiwa haionekani hata kidogo pikipiki ikiwa imesimama, niliona taa ndogo ya LED ni bora kuliko mita. Iunganishe na rezista ya kiloomu 1, uichomeke kwenye waya unaotoka swichi ya ufunguo, ifunge kwa tepu karibu na spidomita, halafu uendeshe. LED inazima papo hapo umeme ukikatika, tofauti na balbu ya uzi ambayo hubaki na mwanga kidogo. Injini ikikata na LED ikakata nayo, rudi kwenye swichi na fiuzi. LED ikibaki inawaka, nenda upande wa cheche.

Sasa malalamiko yangu. La kwanza ni nyaya. Zile zinazokuja kwenye kisanduku hukatika ndani pale zinapoingia kwenye mshikio, kwa hiyo unatafuta umeme unaokatika kwa mita inayokatika. Kila unapoanza kazi gusanisha ncha, weka kwenye mlio, pinda kila waya kwenye miisho yake. Nyaya za silikoni zinauzwa kando, na zinafaa kwenye matundu yale yale.

La pili ni hatari zaidi kwa mfuko: betri ya volti 9 ndani ya mita ikichoka, namba zinapanda badala ya kushuka. Mfumo wa kuchaji wenye afya husoma kati ya 13.5 na 14.8 injini ikipigwa resi. Mita yenye betri mbovu itasema 16, nawe utatupa regileta (kifaa kinachodhibiti volti ya kuchaji) ambayo ni nzima. Kabla ya kulaumu regileta, pima betri kavu mpya ya redio. Ikisoma mbali na 1.5 au 1.6, badilisha betri ya mita. Haijizimi yenyewe, na ukiisahau imewaka usiku kucha ndipo matatizo haya huanza. Na kumbuka taa kubwa ya mbele ya pikipiki nyingi kuukuu hulishwa na magneto kwa umeme wa mkondo geu, kwa hiyo ipime upande wa V~, si ule wa betri.

La tatu ni tundu la ampea 10, ambalo kwa nyingi halina fiuzi. Ukiacha ncha nyekundu humo kisha ukagusa betri kupima volti, umepiga shoti na nyaya zitatoa moshi. Kupima umeme unaovuja, ufunguo ukiwa umezimwa, tumia tundu la kawaida kwenye miliampea 200, mita ikiwa kati ya hasi ya betri na waya wake, na usiguse ufunguo hadi umalize, la sivyo fiuzi ya ndani inaenda. Pikipiki isiyo na alamu inatakiwa isome karibu na sifuri. Miliampea 35 inaonekana ndogo, lakini inamaliza betri ya ampea-saa 5 kwa siku sita hivi. Chomoa soketi ya regileta kwanza. Namba ikianguka, diodi zake zinavuja.

Umeme wa nyumba usiupime kwa mita hii, hata kama imeandikwa volti 750.

Ukienda dukani, beba betri kavu mpya mfukoni na uipime palepale kaunta. Zungusha duara la kuchagulia mara kadhaa, urudi kwenye volti 20. Namba ikibadilika kila unaporudi, omba nyingine. Hakikisha lina alama ya mlio, kwa kuwa si zote zinao. Na fungua mgongo uone kama fiuzi imo.