Kamera ya kwenda nayo visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar es Salaam: ununue ipi?

Ukivaa miwani na mrija kutazama matumbawe pale Mbudya, unaelea juu juu tu. Kina unachofika mara nyingi hakizidi mita mbili tatu. Kwa hiyo muuzaji wa Kariakoo akikusifia kasha la kamera linalozuia maji hadi mita 60, mwache amalize, kisha uliza la maana: mawimbi yananisukuma, mkono mmoja ndio ulio huru, nitaibonyeza vipi?

Kwa kipimo hicho namba moja ni kamera ndogo za michezo, GoPro au DJI Osmo Action, hata toleo la zamani. GoPro nyingi kuanzia Hero5 huzama mita 10 bila kasha, Osmo Action 4 mita 18. Lenzi yake ni pana, unaweza kumsogelea changu hadi karibu kabisa na bado akaenea kwenye picha. Kusogea ndiko kunakookoa rangi, maana maji hula nyekundu kwanza, na ndiyo sababu picha za mbali hutoka buluu tupu. Ongeza mpini unaoelea. Kamera yenyewe ikikuponyoka inazama.

Ya mtumba? Fungua kifuniko cha betri utazame ule mpira mwembamba wa kuzuia maji. Ukiona ufa, au chembe za chumvi ndani, achana nayo. Ukiwa mzima, omba beseni la maji uizamishe hapo hapo dukani. Muuzaji akianza kujiumauma, rudisha pesa mfukoni.

Ya pili ni Olympus Tough TG-6. Inazama mita 15 na inapiga kitu kilicho sentimita moja tu mbele ya lenzi, kwa hiyo wapenzi wa vidudu vya kwenye matumbawe wataona nimeionea kuiweka hapa. Bei yake sasa!

Ya tatu, mfuko wa plastiki wa simu. Weka simu ya zamani, si ile yenye M-Pesa yako. Kioo hakisikii vidole chini ya maji, hivyo hakikisha mapema kwamba kitufe cha sauti kinapiga picha. Siku ya kwanza zamisha mfuko ukiwa na tishu ndani badala ya simu.

Simu tupu bila mfuko, eti kwa kuwa ina IP68, ile alama ya kuzuia vumbi na maji? Kipimo hicho hufanyiwa kwenye maji yasiyo na chumvi, si ya bahari. Chumvi itaanzia kwenye tundu la chaji.