Uchambuzi wa Majaketi ya Kuokolea Maisha ya Watoto: Soma Lebo Kabla ya Kulipa

Karibuni watazamaji. Mezani tuna majaketi matatu ya watoto: hili la rangi ya chungwa lenye kola nene, hili la bluu la mtindo wa kizibao, na hili jembamba linalojazwa gesi kutoka kwenye mtungi mdogo. Dukani yote huitwa majaketi ya kuokolea maisha. Mtoto wa miaka mitatu tungemvisha moja tu kati ya haya.

Kwa upande wa sheria, kila nchi ina umri wake. Marekani, kanuni ya taifa inamtaka mtoto wa chini ya miaka 13 awe amelivaa jaketi lililoidhinishwa muda wote boti ya starehe ikiwa safarini, isipokuwa akiwa chini ya sitaha au ndani ya chumba kilichofungwa. Majimbo mengi yana kanuni zake, na hizo ndizo zinazofuatwa huko. Sasa sikilizeni vizuri neno "safarini". Boti iliyozimwa injini na kuachwa ielee bado inahesabiwa kuwa safarini, maana haijatia nanga, haijafungwa gatini wala haijakwama. Hapo ndipo wazazi wengi huwavua watoto.

Tugeuze jaketi tusome lebo. Kinachoamua ni uzito wa mtoto, umri ni makadirio tu. Kwa vipimo vya Marekani, la mtoto mchanga ni chini ya kilo 14, la mtoto mdogo ni kilo 14 hadi 23, na linalofuata ni kilo 23 hadi 41. Yale ya ISO 12402, yaani kiwango cha kimataifa cha majaketi haya, yameandikwa 50, 100, 150 au 275. Namba hizo ni daraja. La mtoto lenye 100 halina nguvu ya kumfanya mvaaji aelee sawa na la mtu mzima lenye 100, kwa sababu nguvu hupangwa kwa uzito wa mvaaji.

Hili la chungwa ndilo chaguo letu kwa wadogo. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake, hivyo akitumbukia uso huelekea majini. Kola hii hukibeba kichwa, na sponji iliyojaa kifuani husaidia kumgeuza chali. Lina kishikio cha kumvutia juu, filimbi, na utepe unaong'aa ukimulikwa. Ila thamani yake yote iko kwenye mkanda huu unaopita katikati ya miguu. Usipofungwa, jaketi hupanda na mtoto huteleza akatoka kwa chini.

Jaribio ni hili: funga zipu, bana klipu zote, kaza mikanda, kisha shika mabega ya jaketi ulivute juu. Likifika masikioni, ni kubwa. Tafadhali msinunue kubwa eti atakua nalo! Baada ya hapo mwingize kwenye maji ya kina kifupi huku umemshika, alegeze mwili na kuegemeza kichwa nyuma. Kidevu kibaki juu ya maji. Akiogopa, rudieni taratibu, maana mtoto aliyeshtuka hurusha miguu na kujaribu kupanda juu ya maji.

Hiki kizibao cha bluu ni daraja la 50. Kinamfaa mtoto mkubwa anayejua kuogelea, karibu na msaada, kwani hakimgeuzi aliyezimia. Rangi yake pia inapotea majini. Chungwa na njano huonekana mbali.

La gesi hatulipendekezi kwa watoto wadogo. Mtungi ukiwa umekwisha kutumika au umelegea, basi halijai. Na maboya ya mikononi ya kuchezea bwawani hayahesabiki kabisa.

Mkilitumia, lioshwe kwa mikono, sabuni laini na maji baridi, likaushwe kivulini. Mashine na hita huharibu sponji, na kulikalia huibana. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikibaki imebonyea, au kitambaa kikichanika, usimrithishe mdogo wake. Likate mikanda ndipo ulitupe, mtu asije akaliokota akamvisha mwanawe.